Pikipiki Kuukuu na Mwenye Mali Asiyeiendesha

Zamani maswali tuliyokuwa tukiulizwa na kina mama baada ya darsa ya alasiri yalikuwa ya talaka, ya eda, ya mirathi na ya kulipa swaumu. Maswali hayo bado yapo, na Allah atujaalie kuyajibu kwa haki. Lakini katika miaka hii ya karibuni limeingia swali jingine, ambalo vitabu tulivyosomeshwa madrasa havikulitaja kwa jina lake: "Maalim, huyu kijana ananambia klachi imekwisha, ataka pesa za plati. Nitajuaje kama ni kweli?"

Mwenye kuuliza aghalabu ni mjane aliyeachiwa pikipiki moja kuukuu pamoja na watoto, au mama aliyepokea zamu yake ya mchezo akanunua pikipiki ya mkono wa pili. Yeye mwenyewe haipandi. Humkabidhi kijana wa jirani, kijana akaenda steji, na jioni akaleta hesabu. Hesabu hiyo ndiyo unga, ndiyo karo, ndiyo dawa ya bibi aliye kitandani. Siku pikipiki inapolala kwa fundi, hesabu nayo hulala, na tena hudaiwa fedha za spea ambazo hazimo nyumbani. Na ikiwa pikipiki ni mirathi ambayo bado haijagawanywa, basi kila shilingi inayotoka bure imetoka katika haki ya mayatima, jambo ambalo dini yetu imelikemea vikali mno.

Kwa hivyo tumeona leo tuandike juu ya mambo mawili yanayotoa fedha nyingi zaidi katika nyumba hizi, nayo ni mafuta na klachi. Hatuandiki ili kina mama wawe mafundi. Twaandika ili mwenye mali, akiwa amesimama ukumbini kwake na buibui lake, aweze kuuliza maswali mawili matatu ambayo mdanganyifu hatayapenda na fundi mwaminifu atayafurahia. Tumekaa sana katika mabanda ya mafundi, Malindi na Kilifi, tukitazama injini zikifunguliwa, na sisi wenyewe tuna pikipiki ya zamani ambayo imetupeleka Mambrui na kuturudisha kwa miaka mingi. Tunayoyasema tumeyaona.

Pikipiki zilijaa mwambao wetu baada ya mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zenye injini ndogo, zisizofika 250cc. Nyingi tunazoziona katika barabara za Malindi, Gede, Watamu na Takaungu ni za kutoka India, kama Boxer na TVS, au za kutoka China. Na hizo za China, nyingi mno zimeigwa kutoka pikipiki moja ya Kijapani, Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Wahandisi wake waliikusudia kwa nchi ambako matengenezo hucheleweshwa na oili haibadilishwi kwa wakati wake. Ndiyo sababu pikipiki ya namna hii haifi upesi. Huugua muda mrefu, na kila ugonjwa wake una dalili. Mwenye kuzijua dalili hatapotezewa fedha kirahisi.

Dalili ya kwanza na kubwa kuliko zote ni sauti, na hapa ndipo tungependa msomaji atulie nasi kidogo. Malalamiko ya mafuta na malalamiko ya klachi huja kwa maneno yale yale: "Haina nguvu," "Inakula mafuta," "Haipandi na mzigo." Kijana husema hivyo, fundi huchagua dawa aitakayo, na mama hulipa. Lakini magonjwa haya mawili hutofautiana kwa jambo moja. Muulize mwendeshaji: ukivuta mafuta pikipiki ikakataa kwenda, sauti ya injini hupanda au hushuka? Ikiwa injini yapiga kelele kwa nguvu, sauti yapanda juu, na tairi la nyuma halifuatii, basi mafuta yafika salama na yachomwa. Nguvu ndiyo inayopotea njiani, na njia yenyewe ni klachi. Ikiwa injini yenyewe yashuka sauti, yakohoa, yakata na kurudi, basi klachi haina kosa. Tazama mafuta, kisha plagi. Swali hili halina gharama, nalo pekee limeziokoa nyumba kadhaa tunazozijua kununua plati zisizohitajika.

Tuanze na mafuta, tuyafuate kutoka juu kwenda chini kama yanavyotiririka yenyewe.

Juu kabisa pana kifuniko cha tangi. Kifuniko hiki kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa, kwani petroli ikishuka lazima hewa ichukue nafasi yake. Kitundu kikiziba kwa vumbi na kutu, petroli hukataa kushuka. Pikipiki huondoka vizuri, huenda kilomita chache, hufa. Mwendeshaji husimama, hupumzika, hupiga kiki, nayo huwaka tena kana kwamba haina lolote. Ugonjwa huu umewatesa wengi, na watu wamebadilishiwa kabureta nzima kwa sababu yake. Kuupima ni rahisi: inapokata, kifuniko kifunguliwe. Kikitoa mvumo wa hewa inayonyonywa, na pikipiki ikawaka mara moja, dawa yake ni sindano ya kushonea ya kuzibulia kitundu hicho. Mpira wa kifuniko nao utazamwe, kwani ukipasuka mvua za masika huingia tangini moja kwa moja.

Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hivyo hukaa chini ya tangi. Na hewa yetu ya bahari, yenye chumvi na unyevu, hulila bati la tangi kutoka ndani, hasa tangi ambalo halijai kamwe. Hapo twafika kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Chini ya tangi pana koki ya mafuta yenye nafasi tatu: kufunga, kufungua, na akiba, au "rizavu" kama wasemavyo vijana. Nafasi ya kawaida huchota mafuta kwa mrija uliosimama juu kidogo ya sakafu ya tangi, na rizavu huchota sakafuni penyewe. Kijana anayenunua nusu lita asubuhi na nusu lita adhuhuri huendesha kwa rizavu mwaka mzima, maana yake huinywesha injini ile sehemu ya chini yenye maji na kutu. Kisha twashangaa kwa nini kabureta huziba kila mwezi. Mwenye pikipiki akiweza kukubaliana na mwendeshaji kwamba tangi lisishuke chini ya lita mbili tatu, atakuwa ameondoa nusu ya safari za kwa fundi.

Ukitaka kujua hali ya tangi, mwambie fundi afungue mpira wa mafuta na atie kidogo katika gilasi safi au chupa nyeupe. Iache itulie. Maji yataonekana chini kama tone zito linalojitenga, na kutu itatua chini kama mchanga mwekundu. Ikiwa yamo, kazi ni kulimwaga tangi, kulisuuza, na kuweka kichujio kidogo cha plastiki kwenye mpira kabla ya kabureta. Kichujio hicho ni katika spea za bei nafuu kabisa, na wenye pikipiki wengi hawana.

Kuna petroli isiyokuwa petroli. Mafuta ya taa kwa miaka mingi yalikuwa rahisi kuliko petroli, na wenye tamaa wakawa wanayachanganya. Ili kuondoa kishawishi hicho Serikali iliweka, kuanzia Septemba 2018, tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Hata hivyo mafuta ya chupa yanayouzwa kando ya njia hayana wa kuyapima. Petroli iliyochanganywa hufanya pikipiki kuwaka kwa tabu asubuhi, kutoa moshi na kuchafua plagi. Jaribio la nyumbani ni kudondoshea tone moja juu ya karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi bila kuacha alama, na yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta. Wauzaji wa vichochoroni na wakumbuke kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini, na jinsi alivyomkemea mwenye mali. Hukumu ya rundo lile ndiyo hukumu ya chupa hii. Na kwa bei, mama asikubali kuambiwa tu. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, hutangaza bei ya juu kabisa tarehe 14 ya kila mwezi, mji kwa mji, na redio zote huitaja.

Vile vile ajue kipimo cha safari. Pikipiki ndogo yenye afya huenda kilomita 40 au zaidi kwa lita moja. Kutoka Malindi hadi Kilifi ni karibu kilomita 60. Basi lita moja na nusu yapaswa kutosha kwenda. Akiambiwa zimekwenda lita tatu, ama kabureta inamwaga, ama klachi inateleza, ama maneno yana walakini.

Kabureta ni chombo kidogo chini ya tangi kinachochanganya petroli na hewa. Ndani yake mna bakuli, na katika bakuli mna kiboya kinachoelea, kama kile cha tangi la maji la chooni. Petroli ikijaa, kiboya hupanda na kusukuma sindano ifunge mlango. Kiboya kikitoboka au sindano ikiliwa, mlango haufungi, na petroli hudondoka chini usiku kucha au, vibaya zaidi, huingia ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Mama wa nyumba ataujua ugonjwa huu kabla ya fundi, kwa pua. Ukumbi ukinuka petroli alfajiri, koki haikufungwa na sindano haishiki. Na kijiti cha kupimia oili kikionyesha kwamba oili imeongezeka bila mtu kuiongeza, na kikinusishwa kikanuka petroli, pikipiki isiwashwe hata mara moja. Oili hiyo haiilindi injini tena, imwagwe yote.

Vile vitundu vya shaba vinavyopitisha petroli ndani ya kabureta, viitwavyo jeti, ni vyembamba mno. Vikiziba, visafishwe kwa petroli na kupulizwa kwa pampu ya hewa. Tumewaona mafundi wakivichokoa kwa waya, nasi twasema waziwazi kwamba fundi wa namna hiyo asipewe kazi. Shaba ni laini, kitundu hupanuka, na kuanzia siku hiyo pikipiki hunywa mafuta zaidi ya haki yake mpaka jeti ibadilishwe. Plagi itasema kweli: kichwa chake kikiwa cha rangi ya kahawia, mchanganyiko ni mzuri, kikiwa cheusi chenye masizi makavu, petroli ni nyingi au chujio la hewa limeziba, kikiwa cheupe, petroli ni haba. Mama amwambie fundi amwonyeshe plagi. Kuitazama hakuhitaji elimu.

Na kwa kuwa tumelitaja chujio la hewa, vijana wengine hulitoa na kulitupa, wakidai pikipiki hupata nguvu. Katika michanga yetu, kutoka Ngomeni hadi njia za Marafa, hiyo ni sawa na kuilisha injini mchanga kwa kijiko.

Jambo moja la mafuta linawahusu wajane khasa. Bwana anapofariki, pikipiki mara nyingi huegeshwa uani, na mama hukaa eda yake miezi minne na siku kumi. Hakuna anayeigusa, kwa huzuni na kwa adabu. Lakini petroli haikai eda. Sehemu yake nyepesi huruka, na inayosalia hugeuka utomvu unaonata ndani ya jeti na sindano. Eda ikisha, pikipiki haiwaki, na wapo wanaomwambia mjane kwamba injini imekufa, wakataka kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Injini haijafa. Tangi limwagwe, bakuli la kabureta lifunguliwe lisafishwe, na mara nyingi itawaka siku hiyo hiyo. Na lau ndugu wa marehemu wangelifunga koki na kufungua skrubu ya chini ya bakuli, petroli ikatoka kabla pikipiki kuegeshwa, hata kazi hiyo isingelihitajika. Ni kazi ya dakika kumi, na ni katika wema wa kufanyiwa mfiwa. Wakati huo huo logibuku iwekwe mahali pema, na ikiwa warathi hawakuelewana, Mahakama ya Kadhi ipo Malindi kwa ajili yao.

Kabla hatujaiacha petroli, twawasihi wasomaji wetu kuhusu moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki juu dirishani, bali hutambaa sakafuni kama maji mpaka ukutane na jiko, mshumaa, au chetezo cha udi. Nyumba nyingi za mji wa kale huingiza pikipiki ukumbini usiku kwa kuogopa wezi, nasi hatuwalaumu. Basi koki ifungwe, na chetezo kisiwashwe chumba hicho. Kabureta isifunguliwe karibu na jikoni wala uani wakati mahamri yanakaangwa. Na petroli isitiwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto haulizi, hunywa. Akinywa, asitapishwe, si kwa kidole wala kwa kinywaji, kwa kuwa ikipanda tena huingia mapafuni, na hayo ndiyo maangamizi yenyewe. Akimbizwe hospitali pamoja na ile chupa. Wale wanaonyonya petroli kwa mdomo kupitia mpira nao wamo katika hatari hiyo hiyo, na ndevu zao haziwaokoi.

Sasa klachi. Chukua sahani nyembamba kama tisa au kumi uzipange moja juu ya moja, kisha uzikandamize kwa jiwe. Ukizungusha ya chini, zote huzunguka pamoja. Ondoa jiwe, na ya chini itazunguka peke yake, za juu zikitulia. Hiyo ndiyo klachi. Nusu ya plati ni za chuma tupu na nusu zimebandikwa kitu kama kizibo cha kushikia. Jiwe ni springi nne hivi za chuma. Na kuondoa jiwe ni kule kuvuta mkono wa kushoto wa usukani. Zote zimezama ndani ya oili ya injini, na hilo la oili tutalirudia.

Klachi huugua kwa namna mbili zilizo kinyume. Ya kwanza ni kuteleza: plati hazishikani sawasawa, injini yapiga kelele, mwendo hauji, petroli yaisha, na mzigo ukizidi husikika harufu ya kuungua. Ya pili ni kukataa kuachana: mkono umevutwa wote na bado pikipiki yataka kwenda, gia huingia kwa kishindo, na mwendeshaji akisimama njia panda hapati nyutro.

Kupima hakuhitaji kupanda. Pikipiki ikiwa imezimwa, itiwe gia ya pili, mkono wa klachi uachiwe, kisha mtoto mkubwa wa nyumbani aisukume. Yapasa kugoma, tairi likizuiwa na injini. Ikisukumika kwa ulaini huku injini haizunguki, klachi kweli inateleza, tena sana. Kisha avute mkono wa klachi na asukume tena. Sasa yapasa kwenda. Ikigoma, klachi haiachani. Ikiwa kuteleza ni kwa kiasi kidogo, jaribio hili halitakionyesha. Hapo apewe mtu mwingine mwaminifu aipeleke barabara tambarare, atie gia ya juu, na akiwa katika mwendo wa kadiri avute mafuta kwa ghafla. Sauti ikiruka na mwendo usifuate, jibu limepatikana.

Lakini hata jibu likiwa hilo, plati zisinunuliwe bado. Kwanza itazamwe kebo. Mkono wa klachi, kwenye ncha yake, wapaswa kucheza huru kidogo kabla haujakaza, baina ya milimita 10 na 20, kama upana wa kidole cha shahada. Kebo ikikazwa mno hadi uchezaji huo ukaondoka, ni kama mtu amelinyanyua jiwe nusu: plati haziwezi kushikana, na klachi nzima kabisa itateleza na hatimaye kuungua. Kebo ikilegea mno, plati haziachani. Marekebisho ni nati mbili, moja kwenye mkono na moja chini karibu na injini, kazi ya spana moja na muda wa kunywa kikombe cha kahawa tungu. Hapa ndipo udanganyifu mwingi hupita. Fundi asiye na khofu huzungusha nati hizo, pikipiki ikapona, kisha akadai fedha za plati ambazo hazikununuliwa wala hazikutiwa.

Chumvi ya bahari huila kebo kutoka ndani ya ala yake. Mkono ukawa mzito, ukivutwa haurudi vyema, au nyuzi za kebo zikaanza kukatika moja moja kwenye kichwa chake. Kebo iliyo nzito bado yaweza kuponywa kwa oili: huchomolewa juu, hufungiwa kipande cha nailoni kama faneli, hudondoshewa oili nyepesi, na kuachwa imesimama usiku mmoja mpaka oili itokee chini. Iliyoanza kukatika nyuzi ibadilishwe siku hiyo hiyo. Isingojwe ikatikie kwenye daraja la Sabaki na abiria nyuma.

Kebo ikiwa salama, ndipo tuulize habari ya oili. Kwa kuwa plati za klachi huogelea katika oili ya injini, oili ya pikipiki si sawa na ya gari. Oili nyingi za magari ya kisasa zimetiwa dawa za kupunguza msuguano, na msuguano ndio hasa klachi inaouhitaji. Mkebe wa oili ifaayo huwa na maandishi JASO MA, nayo ni alama ya Kijapani ya oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hii. Ile ya JASO MB ni ya skuta na haifai hapa. Oili yenyewe ni karibu lita moja tu. Tumeona plati mpya zikiteleza wiki ya pili kwa sababu kijana alimwaga oili njema na kutia ya gari aliyopewa bure. Mama akiweza, anunue oili mwenyewe dukani na mkebe aukabidhi ukiwa haujafunguliwa.

Yote hayo yakiwa sawa na klachi bado yateleza, basi plati zimekwisha kweli, na fundi afungue ubavu wa injini. Plati mpya zenye kizibo huwa na unene wa kama milimita 3, na katika injini nyingi za ukubwa huu zikifika 2.6 zimemaliza kazi yake. Fundi mwenye kujiheshimu ana kipimo cha kuzipimia na atakuonyesha namba. Zile za chuma hulazwa juu ya kioo. Zikiwa zimepinda au zimegeuka rangi ya samawati kwa moto, hazirudi. Springi nazo huchoka na kufupika, na kutia plati mpya chini ya springi zilizochoka ni kuweka sahani mpya chini ya jiwe jepesi. Plati mpya zilowekwe katika oili masaa kadhaa kabla ya kufungwa, kwani zikifungwa kavu huungua siku ya kwanza. Na kwa pikipiki za jamii ya ile Honda, mlango huo huo ukishafunguliwa, chujio la oili linalozunguka liko hapo karibu. Asafishe, asikufungulie bili ya pili mwezi ujao. Gaskiti ibadilishwe, isibandikwe kwa gundi tupu.

Lililobaki ni nani alipe, na hili ndilo swali la fiqhi tulilokuwa tukiulizwa tangu mwanzo.

Mwenye kukodishiwa chombo, katika madhehebu yetu ya Kishafi, mkono wake ni mkono wa amana. Kinachochakaa kwa matumizi ya kawaida si juu yake. Ni juu ya mwenye mali, naye hana budi kukitengeneza ili manufaa yaliyokodiwa yapatikane. Basi plati zilizokwisha baada ya muda mrefu wa kazi ya halali, kebo iliyoliwa na chumvi, sindano iliyochakaa, ni juu ya mama. Lakini akivuka mpaka wa ruhusa aliyopewa, au akazembea, hulipa. Sheria ya Kenya yamruhusu mwendeshaji kubeba abiria mmoja. Akibeba watatu na gunia la makaa katika mchanga wa Marereni, huku ameishikilia klachi nusu wazi ili injini isizime, ameichoma kwa mikono yake. Vile vile akitia oili isiyofaa baada ya kuonywa, au akichoma plati kwa kukaza kebo na kukataa kuilegeza. Ugomvi huja kwa sababu masharti haya hayakutajwa siku ya kukabidhiana, ila ilisemwa tu "nitakuletea hesabu." Yaandikwe: abiria wangapi, mzigo gani, oili ipi, nani hununua kebo, na siku ya matengenezo ikiwa hesabu hulipwa au husamehewa. Wapatikane mashahidi wawili. Kijana mwema hatakasirika, kwa kuwa maandishi humlinda yeye pia na mwenye mali anayemdai fidia ya kitu kilichochakaa chenyewe, na hao nao wapo, tena si wachache.

Na siku fundi akisema amebadilisha plati, mama atake zile za zamani zirudishwe nyumbani, zimefungwa katika gazeti. Mali ni yake. Azishike mkononi: kizibo kikiwa kimelika mpaka vijia vyake vya oili havionekani, na chuma kimeungua samawati, amlipe fundi haki yake kabla jasho lake halijakauka. Zikirudi nene, na vijia vyake vyote vyaonekana, azipeleke kwa fundi wa pili amwulize zilikuwa na ugonjwa gani. Daftarini aandike tarehe na kilomita zilizosomeka kwenye mita siku hiyo.